Siku niliyomulika noti nikamwacha mtoto apite

Kwanza salamu. Wale mnaosubiri sehemu ya pili ya kisa cha mwenye nyumba wangu na mita ya umeme mtanisamehe, kisa kipo na kitakuja, ila kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana na naona nikilitoa huenda nkapata usingizi.

Kwa wasionijua, mie ni wakala wa miamala ya simu, nipo pembeni ya stendi ya Kange hapa Tanga, mwavuli mmoja, meza moja, viti viwili vya plastiki na simu za mitandao yote, na kwenye droo nina kitaa cha kumulikia noti, kile chenye mwanga wa zambarau. Kitaa hicho kina historia yake. Mwaka wa kwanza wa biashara alikuja mzee mmoja, kanzu safi, kofia ya viua, akanisalimia kwa adabu zote, akauliza na hali za nyumbani, akaweka laki moja, noti kumi za elfu kumi zinanukia upya, nami nkazipokea kwa heshima ya ile kofia. Jioni napeleka benki, dada wa kaunta anazitenga tatu pembeni ananiambia hizi si hela na hazirudi kwako. Elfu thelathini. Hiyo ni kamisheni ya siku ngapi sitaki hata kuhesabu, nlirudi nyumbani nkala ugali na chumvi kwa hasira.

Tangu siku hiyo sijali kanzu wala kofia, noti yoyote kuanzia elfu tano naipapasa, naiinua juu namtafuta Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, natazama uzi, alafu napiga taa. Wenzangu wa stendi wananiita daktari, ati napima noti kama napima malaria.

Sasa. Januari 2025, katikati ya mwezi, shule zimeshafunguliwa, stendi imetulia. Mnakumbuka ile Januari Benki Kuu walikuwa wanakusanya noti za zamani, zile za matoleo ya 1985 mpaka 2003, kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili unapeleka benki unabadilishiwa, baada ya hapo inabaki karatasi ya kumbukumbu. Basi kila mtu alikuwa anatoa vya uvunguni, na sisi mawakala ndo tuliokuwa tunasukumiwa, mtu hataki kupanga foleni benki anakuja kukutupia wewe uende ukapange.

Akaja mama mmoja, dera la kijani, mtandio, mchangamfu, na mtoto wa kike pembeni. Mtoto nimkadirie miaka kumi na mbili, labda kumi na moja. Sketi ya bluu ya shule lakini juu kavaa sweta zito la kufuma, na joto lile la Januari la Tanga mnalijua, viatu vyeusi vya shule vimepakwa kiwi vinang'aa, na amekumbatia mfuko wa shangazi kaja, ule wa miraba ya bluu na nyekundu. (Hivi nani aliupa ule mfuko hilo jina? Nimeulizia mpaka kwa wazee wa barabara ya kumi na mbili hakuna anayejua.) Mama akasema huyu mwanangu, mtoto wa kaka, tunashuka mjini kutembea kidogo. Kwaiyo shangazi kaja kweli na mfuko wake, na mie nkacheka kimoyomoyo kwa huo utani wangu mwenyewe.

Alitaka vitu viwili. Kwanza arushe elfu thelathini kwenye namba fulani, mwenye namba hayupo, kitu ambacho kwa utaratibu hatutakiwi kufanya lakini nani asiyefanya, ukikataa anaenda mwavuli wa pili. Akanipa noti tatu, na moja ilikuwa elfu kumi ya zamani, imechoka, ina alama ya wino pembeni. Basi hapo ndo tulipoanzia. Mie nasema hii siichukui, yeye anasema bado ni halali mpaka Aprili, mie nasema halali benki siyo hapa, yeye anasema wewe binti una roho ngumu, mie naipiga taa mara mbili mara tatu, naigeuza, naipapasa. Dakika tano nzima, na hasira za Januari mnazijua.

Katikati ya huo ubishi mtoto akaniuliza, sauti ndogo, lafudhi ya Kisambaa kabisa ya kule milimani Lushoto: "Dada, Mombasa kuna baridi?"

Nkamjibu sijainua hata kichwa, macho kwenye noti. "Mombasa joto kama hapa tu."

Mama akamtazama, mtoto akanyamaza. Alafu simu ya mama ikaita, akasogea hatua mbili akasema nishampata, mpole, hana maneno. Ujumbe ukaingia, akatoa laki na nusu, nkamhesabia, akanikubalia kubadilisha ile noti na nyingine, nkamrushia yule mtu thelathini yake, wakapanda gari la Horohoro, kule mpakani na Kenya. Mie nkarudi kwenye chai yangu na bajia, nimeridhika kwamba sikuachiwa noti ya zamani.

Mama kasema mjini, mtoto kasema Mombasa. Masikio yangu yalisikia vyote viwili na sikuviunganisha.

Mwezi wa tano, Jumatatu asubuhi, akaja mama mwingine. Huyu kavaa kitenge na ndala, kapauka kwa vumbi, ameshika simu ndogo ya tochi kwa mikono miwili. Hakunisalimia. Alinyoosha ile simu akaniuliza, ni wewe? Nkatazama kioo, ni ujumbe wa muamala wa Januari, umepokea shilingi elfu thelathini kutoka kwa wakala, na chini yake jina langu la biashara. Ule ujumbe ndo kitu pekee alichokuwa nacho. Mwanamke aliyemchukua mwanae alijitambulisha kuwa ana jamaa zake kijiji cha jirani, akasema kuna familia nzuri mjini Tanga inatafuta mtoto wa kuishi naye, atasomeshwa, kazi ndogondogo tu za nyumbani, na hii thelathini ya kuanzia. Wiki mbili za kwanza simu ilikuwa inapokelewa. Baadae haipatikani. Akakaa miezi akijipa moyo, mpaka akauza kuku wake akashuka kunitafuta mie, kwa vile jina langu ndilo lililokuwa kwenye simu yake. Kwa mahesabu yake mie ndo nlimnunua mtoto.

Wallahi sijawahi kuona aibu kama ile. Nkamkalisha, nkamwagizia chai hakunywa. Nkamwambia nlichokiona. Nlipofika kwenye "Mombasa kuna baridi" akafunika uso na kile kitenge, watu wa stendi wakaanza kujazana wakidhani nimemdhulumu pesa.

Tulifunga kibanda tukaenda dawati la jinsia na watoto. Sitaki kuelezea ofisi zote tulizopita, kuna moja tuliambiwa turudi kesho mara tatu, na kuna afisa mmoja alimuuliza yule mama kwa sauti kama ya mwalimu wa nidhamu, ulimuuza ukategemea nini? Ila tulimpata pia afisa ustawi wa jamii mmoja, dada mtulivu, alitueleza kitu ambacho mie sikuwahi kukijua.

Alisema kwa mtu mzima, ili iitwe usafirishaji haramu wa binadamu, lazima viwepo vitu vitatu: kumchukua au kumsafirisha au kumhifadhi mtu, njia iliyotumika kama nguvu au ulaghai au kulipa anayemsimamia, na lengo la kumtumikisha. Kwa mtoto, yaani yeyote chini ya miaka 18, hiyo ya katikati haihitajiki kabisa. Hata kama hakulia, hata kama mama mzazi kasema ndiyo, hata kama mtoto mwenyewe kapanda gari anacheka. Amechukuliwa, anatumikishwa, imetosha. Hiyo ipo kwenye itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, wanaiita ya Palermo, Kenya waliingia 2005, sisi tukaridhia 2006, na 2008 tukatunga sheria yetu. Sheria yetu mwanzo ilikuwa na mwanya wa kulipa faini ukakwepa jela, mwanya huo ukaja kuzibwa 2022. Kenya wao tangu sheria yao ya 2010 wanasema kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua milioni 30 za kwao, na mie kila nikisikia hilo neno "au" nawaza kuna watu hiyo hela wanayo.

Yule mama alisikiliza yote akauliza swali moja tu. Kwaiyo mie nami nina kosa? Dada wa ustawi akasema leo tunamtafuta mtoto.

Hapa niseme kitu, maana najua mtaanza kuwahukumu watu wa milimani. Sisi wote huku tumelelewa kwa ndugu. Mie mwenyewe nimekulia kwa bibi yangu Muheza na mama yupo hai yupo Dar, wala hakuna aliyeshangaa. Wadigo wana kwao Mkinga huku na kwao Vanga kule Kenya, harusi upande huu, msiba upande ule, mpaka kwao ni kamba imepita katikati ya uwanja wa nyumba. Mtoto kupelekwa kwa shangazi ni kitu chema na ndo maana mtu mbaya anajivika ushangazi. Angekuja amevaa kibaya tungemkamata wote.

Usiku ule sikulala, nkaingia kwenye simu kusoma, na mie nikianza kusoma sinaga breki. Nkakuta hii vita ya watoto na vita ya noti bandia zimekulia nyumba moja, Geneva, kwenye ule Ushirika wa Mataifa uliokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa. Ila ya watu ilitangulia. Mwaka 1904 nchi za Ulaya zilikubaliana Paris kwamba kila nchi iweke macho kwenye stesheni za reli na bandarini, kuwaangalia wanaosafiri na wasichana wanaopelekwa kwenye uchafu. Stesheni! Yaani Kange! Zaidi ya miaka mia moja iliyopita watu walishajua kwamba mahali pa kumuona huyo mtoto ni pale anapopandia gari. Na mwaka huohuo 1904 huku kwetu Mjerumani alikuwa anabadilisha sarafu, rupia ikaacha kugawanywa kwa pesa 64 ikawa heller 100, na hiyo heller ndo hii hela tunayoitaja kila siku. Mjerumani kaondoka, jina la sarafu yake limebaki mdomoni.

1921 wakakaa Geneva wakatengeneza mkataba wa kuzuia biashara ya wanawake na watoto, na humo wakaandika watoto wa jinsia zote, wa kike na wa kiume. 1929, tarehe 20 Aprili, palepale Geneva, ukaja mkataba wa noti bandia. Na huu wa noti ndo ulioniacha mdomo wazi, sikilizeni.

Disemba 1925 mwanajeshi mmoja wa Hungaria, Kanali Jankovich, aliingia benki huko The Hague, Uholanzi, kubadilisha noti ya faranga elfu moja ya Ufaransa. Mtu wa benki akaitazama ile noti akaishtukia. Kuja kufuatilia, kumbe kanali ana shehena ya hizo noti kwenye mizigo ya kidiplomasia, na nyuma yake kuna bwana mkubwa wa ukoo wa kitukufu anaitwa Windischgraetz na mkuu wa polisi wa nchi nzima, Nádosy. Hungaria ilikuwa na kinyongo na Ufaransa kwa ardhi iliyopokonywa baada ya vita kuu ya kwanza, na mpango wao ulikuwa kuchapa faranga feki kwa wingi, kuiumiza sarafu ya Ufaransa na kupata hela za harakati zao. Hawa hawakuwa vibaka wa stendi, hii ni serikali ndani ya serikali inachezea hela ya nchi nyingine. Ufaransa wakalipeleka jambo hilo Geneva, na ndo 1929 mataifa yakakubaliana kwamba kughushi hela ya jirani kuadhibiwe sawasawa na kughushi hela yako, na kila nchi iwe na ofisi kuu moja ya kushughulikia noti bandia ili ofisi hizo ziongee zenyewe kwa zenyewe.

Na vyote hivyo vilianzia kwa mtu wa kaunta aliyeitazama noti vizuri. Nlivyosoma hapo nkajisikia fahari sekunde mbili, mwenzangu yule, daktari wa noti. Sekunde ya tatu nkakumbuka sweta.

Kwa sababu hela ina watu wake. Anayeghushi noti anamuibia kila mtu aliye nazo mfukoni, ndo maana mpaka muuza mihogo anainua noti juani. Mnakumbuka 2019? Tarehe 1 Juni Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya na kwamba ile elfu moja ya zamani ifikapo 30 Septemba inakufa, mojawapo ya sababu ikiwa hela haramu na noti bandia. Hapa mpakani kilikuwa kilio. Wauza samaki, wauza machungwa ya Muheza, watu wa chenji Horohoro, kila mtu ana shilingi za Kenya kwenye kopo. Tukasema basi tutabadilishia huku huku, lakini haikuchukua muda Benki Kuu yetu nayo ikasimamisha kubadilisha hela za Kenya, ili wenye mafurushi wasije wakayasafishia kwetu. Benki kuu mbili ziliongea zikaelewana fasta, na mjomba wangu mwenye jahazi alilala Lunga Lunga, upande wa Kenya, siku mbili anahangaikia zake. Mwisho wa zoezi Kenya walisema noti 7,386,000 hazikurudi. Noti moja moja, hesabu kamili, wanajua zipi zimerudi zipi zimepotea.

Mtoto akivuka pale hakuna anayehesabu hivyo. Kituo cha pamoja cha Horohoro na Lunga Lunga kipo, kizuri, maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, lakini pembeni ya kituo kuna njia za panya na bodaboda wanaozijua gizani, na kuna mashua za Moa na Jasini. Na hata kwenye geti, mama mwenye dera na mtoto aliyelala begani, nani atamuamsha.

Ila sasa, na hapa ndo nlipogeuka mawazo. Aliyempata yule mtoto ni hela.

Siwezi kuandika yote, mengine si yangu kuyasema. Lakini ile laki na nusu ina njia yake. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole, aliyeituma anajulikana, aliyemtumia yeye anajulikana, na mwisho wa ule uzi kulikuwa na mtu wa ng'ambo. Polisi walipata taarifa za miamala kwa utaratibu wao, na mie nlipeleka daftari langu, lile la kuandika kwa mkono ambalo mume wangu kila siku ananiambia niliache ni ushamba. Tarehe, saa, kiasi, namba. Kutoka hapo jambo likaenda Dar kwenye ofisi ya Interpol, maana polisi wa Tanga hawezi kuamka akavuka Lunga Lunga akagonga mlango wa mtu Mombasa, ni nchi ya watu. Interpol wenyewe hawana pingu, wengi tunadhani ni polisi wa dunia wanaruka na ndege, kumbe kazi yao kubwa ni kuzifanya polisi za nchi ziongee, kila nchi ina ofisi yake, na kwa kanda yetu wana ofisi Nairobi. Upande wa pili wakafuatilia wa Kenya.

Na kwa nini taarifa za miamala zimekaa vizuri siku hizi? Ninavyoona mie siyo kwa ajili ya watoto, kusema kweli. Nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF Oktoba 2022, hao ndo wanaoweka vigezo vya kupambana na fedha haramu duniani, na nchi ikikaa kwenye hiyo orodha mabenki ya nje yanaitazama kwa jicho la pembeni. Tukatoka Juni 2025. Kenya wao waliingia Februari 2024. Katika ile miaka sisi mawakala tuliitwa semina mpaka tukachoka, mjue mteja wako, omba kitambulisho, toa taarifa ukitilia shaka, tukipewa soda na andazi moja. Tulikuwa tunasinzia. Kumbe hao FATF 2018 walishatoa ripoti nzima inayohusu hela za usafirishaji wa binadamu, kwamba ukitaka kumpata mtu aliyeuzwa fuata malipo, na kumbe Shirika la Kazi Duniani mwaka 2024 lilikadiria kwamba kazi za shuruti zinawaingizia wanaotumikisha watu faida ya dola bilioni 236 kwa mwaka. Bilioni! Na ndani yake kuna laki na nusu iliyopita kwenye meza yangu, na kamisheni yake nlikula.

Hilo la kamisheni nimelirudia sana kichwani. Nlitafuta kwenye simu nkaijua ni shilingi ngapi. Sitaitaja.

Mtoto alipatikana mwezi wa tisa. Alikuwa kwenye nyumba moja Mombasa, analea mapacha, analala jikoni, mshahara wake anaambiwa unatumwa kwa mama. Makabidhiano yalikuwa Horohoro, na yule mama akaniomba nimsindikize kwa kuwa hakuwahi kufika huko, tukapanda gari pamoja, barabara nzuri ya lami, mikonge huku na huku, hakusema neno njia nzima ila alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye maparachichi ya kwao. Mtoto alikuwa amerefuka. Amevaa ndala za kiume. Lile sweta hakuwa nalo. Alimkimbilia mama yake, alafu akasimama hatua moja kabla kama vile hana uhakika kama anaruhusiwa, ikabidi mama ndo amvute.

Hakunikumbuka. Nlimsalimia akanishika mkono akasema shikamoo dada, kama anavyomsalimia mtu yeyote.

Yule mwanamke wa dera la kijani kesi yake inaendelea, kwaiyo naishia hapo.

Sasa nina mazoea mapya na yananiletea ugomvi. Kwenye ubao wangu, pale nlipobandika karatasi ya Benki Kuu ya kuonesha alama za noti, nimeandika kwa kalamu nene 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, na Kenya pia ni 116 hiyohiyo, kitu ambacho naona ndo uamuzi wa akili kuliko mikataba yote niliyoisoma. Kila siku watu watatu wananiuliza kama hiyo ndo namba ya kununulia vifurushi. Na nikimuona mtu mzima na mtoto na mfuko, namsalimia mtoto kwanza. Unaitwa nani, unasoma darasa la ngapi, huyu nani wako. Simhoji mkubwa, naongea na mtoto kama shangazi wa stendi, na nasikiliza kama majibu ya mtoto yanafanana na ya mkubwa.

Wiki iliyopita akaja baba mmoja na kijana wa miaka tisa hivi, saa mbili asubuhi, siku ya shule. Anataka kutoa elfu themanini. Nkamuuliza kijana, unaenda wapi mwanangu? Akamtazama baba yake. Nkauliza, huyu nani wako? Kijana kimya. Nkaanza kuhisi moyo unakwenda mbio, nkasogeza simu karibu, nkamuuliza tena taratibu, usiogope, huyu nani? Baba mtu akashtuka, akaniuliza una maana gani wewe, huyu mwanangu wa kumzaa, ana jino linamuuma tangu juzi nampeleka Bombo hospitali, hawezi kuongea, mtazame shavu! Kweli, shavu limevimba kama ameweka embe. Stendi nzima ikacheka. Yule baba hakucheka, akaniambia unadhani mie mwizi wa watoto, nkamuomba radhi mara tatu, nkamueleza kwa nini nauliza, hakutaka kusikia.

Nkamhesabia elfu themanini zake, noti nane. Akazipokea, akarudi nyuma hatua moja mpaka kwenye jua, na akaanza kuziinua moja moja, polepole, anamtafuta Mwalimu ndani ya karatasi, huku ananitazama mie kila akimaliza moja. Zote nane. Kijana amesimama pembeni ameshika shavu, anasubiri.